Nywele za Mama wa Bibi Harusi

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha, na duka langu limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Haidari aliniapia kwamba bati ameliziba. Nimemuuliza aliliziba na nini, mate? Mume wangu huyo anauza spea za pikipiki na mji mzima unamsifia mikono yake, lakini bati la mkewe limemshinda. Mawigi matatu yamelowa. Nimeyaanika uani juu ya vichwa vyake vya plastiki, na watoto waliokuwa wanatoka shule wameyaamkia shikamoo.

Alhamisi, 14 Novemba

Mteja mgeni kaniuliza swali ambalo mtaa mzima wa Majengo umeshachoka kuniuliza: "Dada Zuhra, wewe umejitanda mtandio mwaka mzima, nywele za kuvaa unauzaje?" Nikamwambia kwani muuza majeneza lazima awe amekufa? Akacheka, akanunua.

Ukweli ni kwamba yale mawigi marefu ya mlangoni, ya wasichana, ndiyo yanalipa pango. Kazi yenyewe iko nyuma ya pazia. Huko wanakuja mama zao na bibi zao. Wanajifanya wanaangalia vitambaa, wanashika hiki, wanaacha kile, mpaka wabaki peke yao dukani, ndipo wanauliza kwa sauti ya chini kama kuna kiti. Nimejiwekea sheria moja: mwanamke akishafungua kichwa mbele yangu simnyimi cha kuvaa, na nilichokiona hakitoki. Hata Haidari haambiwi. Haidari hasa.

Jumanne, 19 Novemba

Leo Nyanzala amefungua kichwa.

Huyu ndiye mama anayetuletea maziwa, miaka mingi sasa. Ni Msukuma. Walihamia huku na ng'ombe wao wakati Suzana, binti yake wa mwisho, bado anabebwa mgongoni, na boma lao liko nje ya mji, njia ya kwenda Sitalike. Anakuja na baiskeli ambayo anaisukuma zaidi ya kuipanda. Namwita mayu, kama wanavyomwita wanawe, maana mama yangu mzazi hata sura yake siikumbuki. Mumewe, mzee Malale, alifariki mwezi wa nane.

Alinimiminia maziwa, halafu badala ya kuondoka akabaki anaangalia pazia.

"Kule nyuma kuna nini?"

"Kuna kiti na kioo, mayu."

"Basi nataka kukaa."

Jamani. Kichwa kitupu, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Nimeona vipara vingi vya wanawake: vya uzazi, vya dawa kali, vya kusuka kwa kuvuta miaka na miaka, vya uzee tu. Hiki kilinishtua kwa sababu ni cha mtu wangu.

Nywele zilianza kumnyonyoka Nyanzala wakati mzee Malale bado yuko mzima. Daktari alimwangalia akamwambia mizizi imekufa, hazirudi tena, asipoteze hela kwa dawa za kupaka. Akajifunga kitambaa, maisha yakaendelea. Mumewe alijua, wengine hawakujua. Matanga yalipofika akanyolewa, kama wanavyonyolewa wajane wote katika ukoo wa mumewe. Waliomnyoa walidhani nywele zimepungua kwa sababu ya kuuguza. Wakamwambia zitarudi.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa ukoo huo nywele zikirudi kiasi cha kushikika kwa vidole, wifi mkubwa anakuja kumpaka mjane samli, na hapo anarudi kwa watu. Kabla ya hapo anafanya kazi zake, anauza maziwa yake, lakini anakula peke yake na kwenye sherehe hasogei. Wenzake zilirudi kwa miezi miwili. Yeye huu mwezi wa tatu. Shemeji yake Manyanda, mdogo wa marehemu, anasema kaka yake, huko aliko, bado amemshika mkewe.

"Anasema vibaya?" nikauliza, tayari kwa vita.

"Hapana. Anasema huku anataka kulia."

Suzana anaolewa baada ya Pasaka. Bibi harusi kwao hatoki nyumbani mpaka mama yake ampake samli kwenye paji la uso. Na mama ambaye hajapakwa hawezi kupaka mtu mwingine.

"Wewe una macho mazuri," akaniambia, akainamisha kichwa. "Angalia vizuri, mwanangu. Kuna kitu?"

Nikawasha tochi ya simu. Nikaangalia kama natafuta sindano.

"Hakuna, mayu."

Alhamisi, 21 Novemba

Tumejaribu kila kitu dukani. Lile refu la mawimbi lilipomkaa alijiangalia kwenye kioo akasema, "Watasema Malale amenirudishia nywele za Mhindi." Lile la kusokotwa linamteremka, maana halina pa kushika. Lile jekundu hakutaka hata kuligusa. Mimi nauza nywele mwaka wa kumi na kitu, na leo ndiyo nimegundua sina hata wigi moja la mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Wote waliotengeneza nywele hizi walidhani watu hawazeeki.

Nikamtolea vilemba, kofia za kusokota, mitandio ya pamba inayokaa bila pini.

"Cha kufunika ninacho, mwanangu," akasema. "Nipe cha kufunua."

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepata wazo. Wasichana wa Dar siku hizi wanavaa nywele za kijivu makusudi, eti mtindo. Sisi huku tunaficha mvi, wao wananunua. Nimeagiza moja.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua. Hakuna mteja. "Kuna kitu?" "Hakuna, mayu."

Jumanne, 17 Desemba

Mvua. Kitambaa cha hariri kimeota ukungu. "Kuna kitu?" "Hakuna, mayu." Anauliza kama mtu anayeuliza kama basi limefika.

Jumatatu, 23 Desemba

Basi limefika kweli, mzigo wangu haukuwemo. Kondakta kaniambia nisubiri, huku anakula muhindi. Ningekuwa na nguvu ningemkaba.

Jumamosi, 4 Januari

Wigi la kijivu limekuja. Linang'aa kama sufuria mpya. Haidari alipoliona akauliza kama ni la kusugulia vyombo. Nimeliloweka kwenye maji ya siki usiku mzima, nimelipaka poda ya mtoto, nimelipiga kwenye ukuta wa uani mpaka mng'ao umekufa kidogo. Halafu nikaanza kukata. Fupi, fupi zaidi, mpaka likawa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa miezi michache nyuma. Mkasi uliniteleza mara moja juu ya sikio la kushoto, pakabaki kibonde kidogo. Sikuweza kupaficha. Nikajiambia nani ataangalia huko.

Alhamisi, 9 Januari

Nimelishonea bitana ya pamba ndani, maana wavu ule ukikaa kwenye ngozi tupu unawasha mpaka mtu anatamani kujikuna kwa msumari. Nimeweka mpira kisogoni. Gundi nimekataa, ngozi ya mzee si ya kuchezea.

Nyanzala akalivaa. Akajiangalia kwenye kioo muda mrefu, nikadhani limemchukiza.

"Linabana kidogo hapa kisogoni," akasema. Halafu machozi yakaanza kumtoka huku anacheka. "Nimefanana na mimi."

Basi tukapanga. Nywele hazioti kwa siku moja, hata za wigi. Atalivaa chini ya kitambaa, na kitambaa atakirudisha nyuma taratibu: wiki hii ukingo tu, wiki ijayo kidole, inayofuata vidole viwili. Yaani nilijisikia mjanja mpaka nikapika pilau bila sababu.

Ijumaa, 24 Januari

Ukingo umeonekana. Suzana ameuona. Amepiga kigelegele jikoni peke yake.

Jumanne, 4 Februari

Vidole viwili. Majirani wanasema Mungu ni mkubwa. Mimi nasema amin na kuangalia pembeni.

Jumanne, 11 Februari

Manyanda ameziona. Nyanzala anasema mzee alisimama katikati ya zizi, akavua kofia, akamshukuru marehemu kaka yake kwa sauti. Jioni akapiga simu Inyonga kwa dada yao mkubwa, Lusia. Wifi huyo ndiye atakuja kumpaka samli.

Nikamwambia Nyanzala sasa hongera, mayu, tumeshinda. Akachukua dumu lake tupu akaondoka. Nimebaki najiuliza nimesema nini kibaya.

Alhamisi, 13 Februari

Nimejua kibaya ni nini. Mimi mjinga, mjinga wa kupigiwa ngoma.

Amekuja leo bila maziwa. Akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia, akakaa, akavua kitambaa, akavua na wigi, akaliweka mapajani kama mtu aliyebeba kuku.

"Wifi akija itakuwaje?"

"Si atakupaka samli kwenye paji, kama bibi harusi? Wigi halifiki huko."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Bibi harusi ndiyo kwenye paji. Mjane anapakwa kichwani, Zuhra. Wifi anaingiza vidole kwenye nywele mpaka kwenye ngozi, anasugua na samli. Wewe ulidhani ni wapi?"

Nilidhani. Ndiyo kazi yangu, kudhani. Miezi yote hii sikuuliza, na yeye hakusema kwa sababu kwao hilo hata mtoto wa miaka mitano analijua. Nikamuuliza sasa kwa nini alikubali, ikiwa alijua vidole vitafika?

"Nilijua Manyanda ataziona, atafurahi, atasema inatosha, nirudi kwa watu. Inyonga ni mbali. Barabara huwa inakatika. Nilidhani wifi atatuma salamu tu, yaishe."

Tulikaa wote wawili tunaliangalia lile wigi. Kadiri lilivyotoka zuri ndivyo lilivyotuchongea. Nilitaka kusema kitu cha kumpa moyo, nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Jumatano, 19 Februari

Mvua kubwa. Wanasema maji yamepita juu ya daraja, njia ya Inyonga. Alhamdulillah.

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi mtukufu umeanza na mvua inaendelea. Wenzangu wanaomba riziki na afya. Mimi baada ya kufuturu naomba barabara isitengenezwe. Wenye mahindi yanayooza shambani wanisamehe.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Basi la Inyonga halikuja. "Kuna kitu?" Sasa anauliza huku amelivaa, nalivua mimi mwenyewe ndiyo naangalia. "Hakuna, mayu."

Jumatatu, 24 Machi

Limekwisha. Nyanzala amemwambia Manyanda mwenyewe.

Anasema aliona Suzana anamchambulia pamba za kufutia samli ile siku ikifika, msichana anaimba, akashindwa. Akaenda kwa shemeji yake alipokuwa anakamua, akavua wigi mbele yake. Manyanda hakumfokea. Aliacha kukamua, ndama akanyonya maziwa yote, na mzee amekaa tu. Halafu akasema, "Shemeji, basi kumbe amekushika kuliko tulivyodhani." Imeamuliwa kwamba siku ya harusi Lusia ndiye atasimama mahali pa mama.

Amenirudishia wigi likiwa limefungwa vizuri kwenye kitambaa.

"Mpe mwingine. Usilitupe, umelihangaikia."

Nimeliweka kwenye kichwa cha plastiki nyuma ya pazia. Leo nimefuturu maji tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita. Leo nimeenda kwa Manyanda, Haidari akanipeleka na pikipiki kwenye matope mpaka kiunoni. Nikamwambia Haidari nina neno la kike na mzee yule. Hakuuliza. Pengine bati hajaliziba ila mambo mengine anayaelewa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nilitaka kumkuta mzee mkali, mwenye roho mbaya, nimpasulie. Nikamkuta mtu mwembamba anashona kamba ya ng'ombe, akaniwekea kiti chake, yeye akakaa kwenye gogo.

"Baba, daktari alisema mizizi imekufa," nikaanza. "Hata kabla ya msiba. Hakuna aliyemshika."

"Daktari amesema zimekufa," akarudia polepole. "Na mimi nasema zimeshikwa na aliyekufa. Wote tunasema hazirudi. Sasa mimi nifanye nini, mwanangu?"

"Apakwe hivyohivyo."

"Unadhani mimi napenda kuona shemeji yangu anakula peke yake? Mwaka wa njaa Malale alinibeba mgongoni kutoka kisimani mpaka nyumbani. Nikikosea kwa mjane wake, nikakosea na kwa mtoto wake, mtoto akaenda kwa watu akapata matatizo, nitamwambia nini kaka yangu? Nywele ndiyo alama tuliyoachiwa. Ungekuwa na nyingine si ungenipa?"

Sikuwa nayo. Mimi, ambaye Majengo wananiogopa kwa mdomo, nilikaa pale nakunja pindo la mtandio wangu.

Nilipoinuka ndipo akasema neno ambalo nimerudi nalo nyumbani kama nimebeba yai. "Dada Lusia peke yake ndiye anaweza kubadilisha. Yeye ndiye mpakaji. Akisema kichwa kipakwe kilivyo, mimi ni nani nikatae?"

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia Nyanzala. "Wifi Lusia?" akasema. "Huyo ndiye mkali kuliko wote. Hata kitambaa chake hajawahi kukilegeza mbele ya watu." Lakini nimeona amesimama wima zaidi alipokuwa anasukuma baiskeli.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna mvua siku ya tatu. Mwezi uliopita niliomba inyeshe, sasa naomba ikauke Lusia afike mapema. Mungu amenichoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui niandike vipi, ila nikikaa nalo kifuani nitapasuka.

Mchana ameingia mwanamke mtu mzima, msafi, kiatu kimefutwa matope mlangoni, mkononi dumu la asali. Akazunguka duka. Akashika mitandio. Wasichana wawili walipotoka akauliza kama kuna kiti. Sikumuuliza jina, huwa siulizi. Nyuma ya pazia alichelewa sana kufungua fundo. Akafungua. Kipara kama cha Nyanzala, kile kile, na alama ya kitambaa imezunguka kichwa kwa miaka ya kukikaza.

"Nina shughuli," akasema. "Lazima nifungue kichwa mbele za watu. Nitafutie kitu cha umri wangu."

Kitu cha umri wake kilikuwa kimoja tu, pale juu ya kichwa cha plastiki. Nikamvalisha. Likamkaa kama limezaliwa naye. Hata kisogoni halikumbana. Akajigusa, akapumua kwa mara ya kwanza tangu aingie, na mimi nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

"Shughuli gani, mama?"

"Harusi ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama wa mtoto bado hajapakwa, nitasimama mimi. Na mpakaji, wa mjane au wa bibi harusi, hafuniki kichwa."

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye nywele.

"Marehemu ni Malale?"

Akanitazama kwenye kioo. "Unatufahamu?"

Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu. Nikamwambia mama Lusia, nakuomba, Manyanda amesema wewe ukitoa neno moja tu Nyanzala anapakwa kichwa kilivyo. Neno moja. Wewe unajua kwamba hajashikwa na mtu. Hakuna anayejua kuliko wewe.

"Najua," akasema. "Tangu waliponipigia simu kwamba nywele hazijarudi najua. Na wakati ule, mnadhani daraja ndilo lililonizuia kuja kufungua kichwa? Watu walikuwa wanavuka kwa miguu."

"Basi sema. Kichwa chako usikitaje."

"Wataniuliza nimejuaje. Manyanda ataniuliza dada umejuaje, na mimi sijui kumdanganya Manyanda." Akashika ukingo wa meza. "Nyanzala wanasema ameshikwa na mumewe aliyekufa. Wanamwonea huruma. Mimi mume wangu yuko hai Inyonga, anakula na kulala. Mimi watasema nimeshikwa na nani? Wewe ni mtu wa huku, unajua bibi kizee mwenye kichwa hiki anaitwaje."

Ninajua. Mchawi. Kila mtu wa huku anajua na mwisho wake.

Nilitaka kumvua lile wigi kwa nguvu. Wallahi nilinyoosha mkono. Yeye akafumba macho akangoja, hakujitetea, machozi yanamshuka mpaka kwenye kidevu, mwanamke mzima na dumu lake la asali. Aliyefungua kichwa mbele yangu simnyimi cha kuvaa. Sheria niliitunga mwenyewe, nikiwa sijui itaota meno.

Nikamfunga kitambaa juu yake, nikamwonyesha jinsi ya kukilegeza bila kuvuta nywele. Aliacha asali mezani. Sijaionja.

Ijumaa, 25 Aprili

Maziwa yamekuja. "Wifi amefika," Nyanzala akaniambia. "Amenisalimia vizuri, amenishika mkono muda mrefu. Labda atasema kitu."

Nikasema labda, mayu.

Jumanne, 29 Aprili

"Bado hajasema. Labda anangoja siku yenyewe."

Nilikuwa nafungua mdomo. Mungu ananiona, nilikuwa nafungua. Akaingia mteja.

Jumamosi, 3 Mei

Jua la kwanza la kiangazi. Boma limefagiliwa, maturubai yamefungwa, spika inalia mpaka kuku wamehama. Haidari alikaa na wanaume. Mimi nilitengewa kiti mbele na wanawake, nikakikimbia. Nilimkuta Nyanzala nyuma ya banda la ndama, amevaa kitenge kipya na kitambaa chake, sahani yake ya wali pembeni haijaguswa. Kutoka pale, katikati ya miti ya uzio, mlango wa nyumba unaonekana vizuri. Nadhani alishapachagua siku nyingi.

"Umekimbia kiti?"

"Kilikuwa na jua."

Tukakaa. Suzana akatolewa nje, mzuri jamani, mzuri, shingo imenyooka, macho yanazunguka kwenye umati yakitafuta. Manyanda akaleta bakuli la samli. Lusia akasimama mbele ya bibi harusi. Watu wakanyamaza, na mimi nikasema moyoni sema, mama, sema sasa, bado kuna nafasi.

Lusia akafungua kitambaa, taratibu, kama nilivyomfundisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja nyuma ya umati akasema, "Angalieni mtu mzima alivyojaliwa nywele!"

Nyanzala akasogeza uso kwenye miti ya uzio. Aliangalia muda mrefu.

"Zuhra. Lile ni langu."

Nilikosa pa kuweka uso.

"Pale juu ya sikio la kushoto. Mkasi wako uliteleza."

Nikafungua mdomo.

"Usijibu," akasema. "Naijua sheria yako. Kwa hiyo na wifi pia." Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Limemkaa vizuri. Mimi lilikuwa linanibana kisogoni."

Hapo nikavunjika. Nikamshika mkono, nikamwambia mayu, simama. Simama useme sasa hivi. Na mimi nitasimama, nitasema niliona vichwa vyote viwili, wanitukane, duka nitafunga. Simama!

Hakuvuta mkono. Alikuwa anamwangalia Suzana.

"Nikisema, watamtoa wifi pale. Na mimi sijapakwa. Mwanangu atapakwa na nani?"

Lusia akachovya vidole viwili kwenye samli. Alipovipeleka kwenye paji la Suzana, Nyanzala naye akainua vidole vyake viwili, vikavu, akavipitisha hewani kati ya miti ya uzio, polepole, kushoto kwenda kulia, mpaka wifi yake alipomaliza. Akavifuta kwenye kitenge kana kwamba vina mafuta.

Kisha akavuta sahani yake akaanza kula. Akanisogezea upande mmoja wa wali. Nikala naye, ingawa hairuhusiwi mtu kula na mjane ambaye hajapakwa. Hakuna aliyetuona.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna mvua. Haidari yuko juu ya paa, anaziba bati sasa hivi kiangazi kimeingia.

Maziwa yamekuja kwa wakati. Nyanzala akaniambia Suzana alipiga simu, amefika salama kwa watu wake. Akaenda nyuma ya pazia bila kuambiwa, akakaa kwenye kiti, akafungua kitambaa, akainamisha kichwa.

"Angalia, mwanangu. Kuna kitu?"

Nikawasha tochi. Nikaangalia kote, mbele, pembeni, kisogoni.

"Kipo, mayu," nikasema. "Kidogo."

Kichwa kikabaki kimeinama.

"Muongo wewe," akasema, akafunga kitambaa chake.